Dawa za maumivu, uraibu na arosto: tofauti zinazochanganya wengi, na mahali tiba inapopatikana

Miaka ya karibuni, katika taarifa za Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, yaani DCEA, maneno "dawa tiba zenye asili ya kulevya" yamekuwa yakitajwa sambamba na bangi, mirungi na heroini. Anayeyasikia redioni huangukia moja ya pande mbili. Upande mmoja yupo anayeanza kuiogopa hata panado anayomeza kichwa kikimgonga. Upande wa pili yupo anayetulia kabisa, kwa kuwa vidonge vyake viliandikwa na daktari, na kwa hesabu yake kitu cha hospitali hakiwezi kumfanya mtu teja. Hofu ya huyo wa kwanza haina msingi. Utulivu wa huyo wa pili ndio unaonisukuma kuandika, kwa sababu mtu asiyejua kwamba yuko hatarini hatafuti msaada, na hata siku akijua, haoni vipi kliniki iliyofunguliwa kwa ajili ya watumiaji wa unga inaweza kuwa yake.

Tuanze na maneno yenyewe. Dawa za kutuliza maumivu zinazotumika kwetu ni za makundi mawili yasiyofanana. Kundi la kwanza lina parasetamoli, ambayo wengi huiita panado hata ikitoka kiwanda kingine, pamoja na ibuprofeni, diklofenaki na aspirini. Hizi hupunguza maumivu kwa kuzuia kemikali zinazochochea homa, uvimbe na uchungu. Zina madhara yake, na si madogo: parasetamoli iliyozidishwa huharibu ini kiasi cha kuua, na diklofenaki inayomezwa kila siku kwa ajili ya mgongo inaweza kuleta vidonda vya tumbo na kuumiza figo, jambo linalostahili makala yake peke yake. Hata hivyo kundi hili halina uraibu tunaouzungumzia hapa.

Kundi la pili ni dawa za jamii ya afyuni. Afyuni ni utomvu wa mmea uitwao mpopi, na kutokana na utomvu huo mfamasia Mjerumani Friedrich Sertürner alitenga mofini mwanzoni mwa karne ya 19. Ikafuata kodeini, na baadaye maabara zikatengeneza nyingine zinazofanya kazi kwa njia ileile bila kuhitaji mmea, zikiwemo pethidini, methadoni, fentanili na tramadoli. Heroini ni ya ukoo huohuo. Mwaka 1898 kampuni ya Bayer ilianza kuiuza kama dawa ya kikohozi, kwa hiyo hata unga tunaouogopa leo uliwahi kuwa dawa ya dukani. Ndiyo maana jambo la kwanza la kufanya ukitaka kujua umebeba nini ni kusoma jina la dawa yenyewe, ambalo mara nyingi huandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina la biashara. Kodeini, kwa mfano, imo ndani ya baadhi ya dawa za maji za kikohozi na ndani ya vidonge vilivyochanganywa na parasetamoli, na mnunuzi anaweza kuitumia miezi bila kujua.

Ndani ya ubongo, uti wa mgongo na utumbo kuna sehemu ndogo mno zinazoitwa vipokezi, ambazo kazi yake ni kupokea kemikali za kutuliza maumivu zinazotengenezwa na mwili wenyewe. Kemikali hizo ni sehemu ya sababu ya mchezaji aliyeumia kuendelea kukimbia mpaka mpira uishe, ndipo aanze kuhisi mguu. Dawa ya jamii ya afyuni huingia katika vipokezi hivyohivyo kwa nguvu kubwa kuliko ile ya mwili, na hapo hutuliza hata maumivu ya mfupa uliovunjika, huleta raha na usingizi, hufunga choo, na ikizidi hupunguza kasi ya kupumua hadi pumzi ikakatika.

Sasa fikiria nyumba inayopika ugali wake kila siku, mdogo lakini unaotosha. Akatokea jirani mkarimu, akawa analeta wali na nyama asubuhi na jioni. Baada ya miezi mitatu hakuna anayekwenda mashineni kusaga, kuni haziletwi, na mafiga yamepoa. Siku jirani akisafiri bila kuaga, watu wa nyumba ile watalala njaa, na mwenye akili hatawaita walafi, maana atajua kwamba jiko lao limesimama na litachukua siku kadhaa kuwashwa tena. Mwili uliozoea tramadoli au mofini kila siku uko katika hali hiyo: umepunguza kazi ya kujituliza wenyewe, na vipokezi vyake havina tena wepesi wa zamani.

Kutokana na hapo zinatokea hali tatu ambazo watu huziita kwa jina moja, na kuzichanganya kumewaumiza wagonjwa kuliko jambo lolote ninalolijua katika mada hii. Tumchukue dereva wa bodaboda aliyevunjika paja, akafanyiwa upasuaji, akaruhusiwa na vidonge vya tramadoli vya miligramu 50 vya kutumia kwa wiki mbili. Simsemi mtu fulani. Yeyote aliyewahi kuuguza katika wodi za mifupa amewaona wengi wenye jeraha kama lake. Wiki mbili zikaisha, maumivu yakabaki, akaendelea kujinunulia. Baada ya muda kidonge kimoja hakimfikishi asubuhi, akaanza kumeza viwili ili apate kilekile alichokuwa akikipata kwa kimoja. Hiyo ni hali ya kwanza, kuzoea dozi. Ni kama mtu aliyehamia jirani na mashine ya kusaga: wiki ya kwanza halali kwa kelele, mwezi wa pili haisikii.

Siku dawa ilipomwishia, alianza kupiga miayo isiyokoma, machozi na makamasi yakamtoka, akatokwa jasho huku anahisi baridi, vinyweleo vikasimama, tumbo likamsokota, akaharisha, viungo vikamuuma na usingizi ukampaa. Hiyo ni hali ya pili, utegemezi wa mwili, na mateso yake ndiyo vijana wa mtaani huyaita arosto. Kwa dawa zinazokaa mwilini muda mfupi, arosto huanza ndani ya saa 8 hadi 24 tangu dozi ya mwisho, hufikia kilele siku ya pili au ya tatu, kisha hulegea ndani ya wiki moja hivi, ingawa usingizi mbaya na wasiwasi hudumu zaidi. Kwa kuwa dalili hizo zinafanana na za malaria na mafua, wapo wanaopima, wakaambiwa hakuna malaria, wakanunua dawa za malaria vilevile. Halafu wanakumbuka kumeza kidonge cha maumivu na homa yote inaondoka ndani ya saa moja. Mtu akiona ugonjwa wake unapona namna hiyo, na unarudi kila dawa ya maumivu inapokwisha, ameshapata jibu ambalo kipimo cha malaria kisingeweza kumpa.

Hali ya tatu ndiyo uraibu wenyewe. Paja la dereva wetu limeunga, anaendesha tena, maumivu hayapo, lakini sasa anazunguka maduka matatu ya dawa ili asikaririwe sura, hesabu ya bosi haitimii, simu ameiweka rehani, na mkewe anaambiwa pikipiki iliharibika. Amejaribu kuacha mara nne. Uraibu hutambulika kwa tamaa inayotawala mawazo ya mtu, kushindwa kujizuia hata anapotaka, na kuendelea kutumia huku akiona dawa inavyombomolea kazi, nyumba na afya. Arosto pekee haitoshi kumwita mtu mraibu. Mgonjwa wa kisukari anayetegemea insulini ataugua vibaya akiikosa, na hakuna anayemwita teja wa insulini.

Kwa nini nasisitiza tofauti hii? Kwa sababu ya watu wenye selimundu, ugonjwa wa damu ambao wengi huuita sikoseli. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na ugonjwa huo, wapatao 11,000 kwa mwaka kwa makadirio yanayotumika sana, na maumivu yake yanapochachamaa wagonjwa wenyewe huyafananisha na mifupa inayopondwa. Kijana wa namna hiyo akifika mapokezi usiku, akaitaja kwa jina dawa inayomsaidia, anaweza kutazamwa kama mlevi aliyekuja kutafuta raha, akapewa parasetamoli na maneno makali. Anaijua dawa yake kama vile mwenye pumu anavyoijua yake. Inawezekana kweli kwamba mwili wake umezoea dozi, na bado maumivu yake ni ya kweli na haki yake ya kutulizwa iko palepale. Na ikitokea kwamba mgonjwa wa selimundu amepata uraibu pia, jambo linalowezekana kama kwa mtu mwingine yeyote, atakuwa na magonjwa mawili yanayohitaji kutibiwa, wala hilo la pili halifuti la kwanza.

Kwa wagonjwa wa saratani hofu hii huleta hasara kubwa zaidi, maana ndugu huwa wanaificha mofini wakiamini kwamba wanamwokoa mzee na uteja. Mofini ya maji ya kunywa imetumika kwa miaka mingi katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Nchini Uganda, shirika la Hospice Africa lililoanzishwa na daktari Anne Merriman mwaka 1993 liliieneza hadi vijijini, na tangu mwaka 2004 wauguzi waliopata mafunzo maalumu wameruhusiwa kuiandika. Anayetumia mofini kwa maumivu ya saratani chini ya uangalizi wa wataalamu anatibiwa, na kumnyima ni kumwongezea mateso katika siku ambazo pengine ni zake za mwisho.

Watu wengi zaidi wanaopewa dawa hizi kwa siku chache baada ya upasuaji huziacha bila shida. Hatari huongezeka dozi inapokuwa kubwa na muda unapokuwa mrefu, na kwa mtu ambaye yeye au jamaa zake wamewahi kusumbuliwa na pombe au dawa nyingine, mwenye sonona, mwenye majonzi au mateso ya nyuma ambayo kidonge kinayafunika pamoja na maumivu ya mguu. Wahudumu wa afya nao wamo, maana pethidini iko karibu na mikono yao, nao huchelewa kutibiwa kwa hofu ya kupoteza leseni.

Tramadoli inahitaji maneno yake. Ilianza kuuzwa Ujerumani mwaka 1977 na kampuni ya Grünenthal, na kwa miaka mingi ilisifiwa kuwa nyepesi na isiyo na hatari kubwa ya uraibu. Haimo katika orodha za mikataba ya kimataifa ya kudhibiti dawa za kulevya, kwa hiyo kila nchi hujiwekea sheria yake. Kwetu hutakiwa kutolewa kwa cheti cha daktari, ingawa kila mtu anajua kwamba yapo madirisha ambayo cheti hakiulizwi. Wapo wanaoimeza wakiwa hawaumwi popote, ili wahimili kubeba mizigo, kuendesha gari usiku au kusahau njaa. Ubaya wake wa kipekee ni kwamba, mbali ya kuingia kwenye vipokezi vya afyuni, inagusa pia kemikali nyingine za ubongo, ndiyo maana dozi kubwa inaweza kumwangusha mtu kwa degedege kama la kifafa, na arosto yake wakati mwingine huja na hofu kali na kuchanganyikiwa. Kiwango cha juu kwa mtu mzima ni miligramu 400 kwa siku. Zaidi ya hayo, tramadoli na kodeini hubadilishwa na ini kabla ya kufanya kazi kikamilifu, na wapo watu ambao maini yao hubadilisha haraka kupita kiasi kwa maumbile waliyozaliwa nayo, hali ambayo imeonekana kwa wingi katika baadhi ya jamii za Afrika Mashariki, hasa Ethiopia. Kwa mtu kama huyo dozi ya kawaida inaweza kuwa kama dozi iliyozidi. Ndiyo sababu mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilikataza dawa hizi mbili kwa watoto walio chini ya miaka 12. Mzazi anayemgawia mtoto wake nusu ya kidonge alichobakiza babu anapaswa kulijua hili.

Kwamba maneno ya kutuliza wasiwasi yanaweza kugharimu maisha, Marekani imeshuhudia. Kidonge cha OxyContin kiliingia sokoni huko mwaka 1996, na mwaka 2007 kampuni ya Purdue iliyokitengeneza ilikiri mahakamani kwamba iliwapotosha madaktari na wagonjwa kuhusu hatari yake ya uraibu. Wakati huo maelfu walikuwa wameshazoea, na walipobanwa kupata vidonge wengi walihamia heroini na baadaye fentanili. Kubana dirisha bila kufungua mlango wa tiba kulizidisha vifo, na kwa maoni yangu hilo ndilo somo linalotuhusu zaidi sisi tunaoanza kubana sasa.

Tuje kwenye tiba, ambako upotofu ni mwingi zaidi. Ushauri wa kwanza ambao ndugu humpa mraibu ni kwamba aache tu, afungiwe chumbani wiki moja, aombewe, na akiwa mwanamume kweli atamaliza. Maombi yana nafasi yake na yamewapa wengi nguvu ya kuendelea na matibabu, lakini kufungiwa kunatibu arosto peke yake, na arosto ingeisha yenyewe. Kinachobaki baada ya hapo ni ubongo uliobadilika ambao unahitaji miezi, pengine miaka, kurudi kwenye utulivu wake. Kibaya zaidi, mwili huo umeshapoteza mazoea ya dozi. Kuli aliyekuwa akibeba gunia la kilo mia, kisha akalala kitandani mwezi mzima, akitoka na kulibeba lilelile ataanguka. Mtu aliyekaa bila dawa wiki chache, akarudi kwa bahati mbaya na kumeza kiasi chake cha zamani, anaweza asiamke. Wengi wanaokufa kwa kuzidisha dozi hufa katika kipindi hicho, walipotoka tu gerezani, wodini au kwenye nyumba ya kupata nafuu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 125,000 walikufa duniani mwaka 2019 kwa kuzidisha dozi ya dawa za jamii ya afyuni.

Mjamzito asijaribu kabisa kuacha ghafla, kwa kuwa arosto kali inaweza kuhatarisha mimba. Kwake tiba ya methadoni chini ya uangalizi ndiyo njia salama, na mtoto akizaliwa na dalili za kukosa dawa, hospitali wanajua namna ya kuzitibu.

Tiba sahihi hutegemea mtu yuko katika hali ipi. Aliyefika utegemezi wa mwili bila uraibu, kwa mfano aliyetumia tramadoli miezi miwili kwa maelekezo, mara nyingi anahitaji kupunguziwa dozi kidogo kidogo kwa ratiba ya daktari, huku maumivu yaliyobaki yakitibiwa kwa njia nyingine, ikiwemo mazoezi ya viungo. Aliyefika kwenye uraibu anahitaji ushauri nasaha, matibabu ya sonona au wasiwasi kama vipo, na mara nyingi dawa ya muda mrefu, ambayo kwa nchi zetu ni methadoni, na kwa baadhi ya maeneo buprenofini, dawa nyingine ya kazi hiyohiyo.

Hapa ndipo ninapokutana na swali ninalolisikia kuliko yote: methadoni nayo si ya jamii ya afyuni? Ni kweli, na kwa hiyo wapo wanaosema kwamba ni kumhamisha mtu kutoka uteja mmoja kwenda mwingine. Tazama namna zinavyofanya kazi. Heroini, au tramadoli iliyomezwa kwa wingi, ni moto wa mabua: unawaka ghafla, unapanda juu, unazimika, na mtu hukimbizana nao mara tatu au nne kwa siku. Methadoni ni gogo linalofuka usiku kucha. Dozi moja ya kunywa, iliyopimwa vizuri, huingia polepole na kushikilia kwa saa 24 au zaidi, bila kilele cha raha na bila arosto, na mtu anaweza kuamka, kuoga, kwenda kibaruani na kumpeleka mtoto shule. Akinywa dawa hii mwili wake bado unategemea, lakini maisha ya kuiba, kudanganya na kukimbizana hayapo tena, na kama tulivyoona, hayo ndiyo yaliyofanya uitwe uraibu. Tafiti za nchi nyingi zinaonyesha kwamba hatari ya kufa hupungua sana kwa aliye ndani ya tiba, na hupanda tena katika wiki za kwanza baada ya kuiacha kiholela. Kwa hiyo kumharakisha ndugu yako "amalize dozi" kabla wataalamu hawajaona kuwa yuko tayari ni kumweka katika hatari.

Kliniki ya kwanza ya methadoni Tanzania ilifunguliwa katika Hospitali ya Taifa Muhimbili Februari 2011, ikafuatiwa na hospitali za Mwananyamala na Temeke, zote za Dar es Salaam. Leo huduma hiyo ipo pia katika mikoa mingine, ikiwemo Dodoma, Mbeya, Mwanza, Tanga, Arusha na Pwani, na Zanzibar inatolewa Kidongo Chekundu. Kenya ilianza mwaka 2014 katika hospitali ya Mathari, Nairobi, kisha ikafika pwani, Malindi na Mombasa. Katika kliniki za umma za Tanzania dawa hii hutolewa bure. Gharama iliyopo ni ya nauli na muda, kwa sababu mgonjwa hutakiwa kufika kila siku na kunywa dozi yake mbele ya mhudumu, hasa miezi ya mwanzo. Kwa anayekaa mbali, nauli ya kila siku ndiyo huamua kama atadumu au ataacha, na familia inayotaka kusaidia kwa vitendo ianzie hapo.

Kliniki hizi zilijengwa kwa ajili ya watumiaji wa heroini, na mtu wa vidonge anaweza kujiona mgeni kati yao. Pengine huona aibu kupanga foleni na watu aliokuwa akiwakwepa kituoni. Ningependa aitazame foleni ile kama ya kliniki ya shinikizo la damu, ambapo hakuna anayeuliza mwenzake alikula chumvi kiasi gani. Hata hivyo si lazima aanzie pale. Mlango ulio karibu zaidi kwa wengi ni kliniki ya afya ya akili katika hospitali ya rufaa ya mkoa, au hospitali ya afya ya akili ya Mirembe kwa walio Dodoma, ambako atapimwa, atasikilizwa, na kupewa rufaa ya kwenda kwenye methadoni ikihitajika. Maafisa ustawi wa jamii katika halmashauri nao wanaweza kuelekeza. Kwa Tanzania ipo simu ya bure ya DCEA, namba 119, na kwa Kenya ipo ya NACADA, mamlaka yao ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, namba 1192.

Kisha zipo nyumba za upataji nafuu, ambazo mtaani zinajulikana kama soba hausi. Zilizo nzuri zimeokoa watu, kwa sababu huwapa ratiba, wenzao waliopitia njia hiyohiyo, na umbali na kijiwe. Ubora wake haulingani, na mzazi anayelipa ada ana haki ya kuuliza maswali kabla ya kumwacha mtoto wake. Je, DCEA inaitambua nyumba hii? Kuna muuguzi au daktari anayefika, na hospitali gani watamkimbiza akizidiwa usiku? Wakaaji hufungwa minyororo au kupigwa? Wanaruhusiwa kuendelea na dawa walizoandikiwa, zikiwemo methadoni, za sonona na za kupunguza makali ya VVU? Jibu la ovyo kwa swali moja kati ya haya linatosha kumrudisha mzazi nyumbani na mtoto wake.

Katika nyumba yenye mtu anayetumia dawa hizi kwa wingi, kila mkubwa anapaswa kutambua dozi iliyozidi: haamki hata akiitwa na kutikiswa, anapumua kwa shida au kwa kukoroma kusiko kwa kawaida, midomo inabadilika rangi, na mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano. Hatari ni kubwa zaidi kama alichanganya na pombe au dawa za usingizi kama diazepamu. Maziwa hayasaidii, maji ya baridi hayasaidii, na kumwekea kitu kinywani kunaweza kumpalia. Alazwe ubavu, au kama amekoma kupumua apuliziwe pumzi mdomoni na mtu anayejua kufanya hivyo, na akimbizwe hospitali, ambako dawa iitwayo naloksoni huweza kumrudisha ndani ya dakika chache. Semeni alichomeza bila kuficha. Nguvu ya naloksoni huisha mapema kuliko ya dawa nyingi alizomeza, kwa hiyo asiondoke wodini kwa kuwa tu ameamka na kuomba viatu.

Siku ya kwanza ya kwenda kliniki, mgonjwa asindikizwe na mtu mmoja anayemwamini, abebe kadi za hospitali za zamani, na aeleze dawa nyingine zote anazotumia. Hili la mwisho ni muhimu, maana rifampisini ya kifua kikuu na baadhi ya dawa za VVU hupunguza nguvu ya methadoni mwilini, na daktari akijua mapema ataongeza dozi kabla arosto haijamrudisha mtu mtaani. Aelezwe pia kwamba kipimo cha kawaida cha mkojo kinachotafuta mofini na heroini hakiioni tramadoli, na kwa sababu hiyo mtu aliyezama kabisa kwenye vidonge anaweza kupata jibu safi na kuonekana mwongo. Achukue na pakiti tupu za dawa zake, hata kama ni nyingi kiasi cha kumtia aibu, azimimine mezani kwa daktari, na ataje idadi ya kweli anayomeza kwa siku, kwa kuwa dozi ya kuanzia itapangwa kwa idadi hiyo.